Mabango ya Usalama wa Maabara: Mradi wa Kidijitali kwa Somo la Kiingereza, Kidato cha Tatu

“Add acid to water” na “Add water to acid” ni sentensi mbili zenye maneno yaleyale manne. Ya kwanza ni kanuni ya kuzimua asidi. Ya pili ni ajali: maji yakimwagwa kwenye asidi ya salfuriki iliyokolea, joto linalotoka papo hapo huyachemsha maji na kurusha asidi usoni mwa aliyeshika chombo. Mwanafunzi anayeandika bango la kutundikwa maabara hana budi kujua kwa nini “to” imekaa pale ilipokaa. Ndiyo maana mradi huu unafaa somo la Kiingereza kuliko mabango ya “My Country” au “My Best Friend”, ambayo hakuna anayedhurika yakikosewa, na kwa hiyo hakuna anayejali yakikosewa.

Msomaji wa mabango ni Kidato cha Kwanza. Wengi wao wametoka shule za msingi zilizofundisha kwa Kiswahili, na ghafla wanakutana na kemia, fizikia na baiolojia kwa Kiingereza, huku mada za mwanzo za kemia zikiwa ni kanuni za maabara na alama za hatari. Wanahitaji Kiingereza kifupi kinachoeleweka mara moja. Kidato cha Tatu wameshapita njia hiyo na wanakumbuka wapi walikwama.

Hesabu zilizo hapa ni za darasa la wanafunzi 48, kompyuta 6 zinazowaka, na vipindi 10 vya dakika 40. Gawa vikundi 12 vya watu wanne. Wakati mzuri ni mwishoni mwa Januari na Februari, Kidato cha Kwanza wakiwa ndio wameingia. Kidato cha Tatu nao hawana mtihani wa taifa mwaka huo, hivyo ratiba yao inapumua.

Kabla ya kipindi cha kwanza

Zungumza na mwalimu wa kemia. Yeye ndiye atakayesaini kila bango kabla halijachapwa, na bila sahihi yake bango halitundikwi hata kama Kiingereza chake kimenyooka. Kagua kompyuta mwenyewe: ziwashe zote, fungua programu utakayotumia, chomeka flashi, jaribu kuhifadhi faili. Kompyuta inayowaka lakini haisomi flashi itakupotezea nusu kipindi.

Programu ya kutosha kabisa ni ya slaidi, iwe PowerPoint au LibreOffice Impress. Hii ya pili ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti. Canva, programu ya usanifu inayotumika mtandaoni, ina violezo vizuri, lakini inataka intaneti ya uhakika kwenye mashine zote sita kwa wakati mmoja, na violezo hivyo huwafanya wanafunzi wajaze nafasi zilizopo badala ya kufikiri wanachotaka kusema. Usitumie programu ya barua kama Word au Writer. Humo ukiongeza mstari mmoja picha zote zinahama, na darasa zima litakuita kwa wakati mmoja.

Hatua ya 1: Maabara kwanza (kipindi 1)

Wapeleke wanafunzi maabara wakiwa na daftari na kalamu tu. Kila kikundi kipewe mada moja: mwenendo wa kuingia na kutoka, mavazi na nywele, alama za hatari, kuwasha na kuzima kichomeo, kuzimua asidi, kupasha moto neli ya majaribio, kunusa gesi, asidi ikimwagika mwilini, kuungua, kioo kilichovunjika, moto ukizuka, usafi na utupaji wa taka.

Kazi yao ni kutazama vifaa vilivyopo kweli. Kama maabara inatumia taa ya spiriti, bango la kichomeo cha gesi halina kazi hapo. Kama hakuna mtungi wa kuzimia moto ila ndoo ya mchanga, bango liseme ndoo ya mchanga na lionyeshe ilipo.

Kikundi cha alama za hatari kinahitaji uangalizi wa pekee. Vitabu na chupa za zamani zina alama nyeusi ndani ya mraba wa rangi ya chungwa. Chupa mpya zinafuata mfumo wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, ambao una alama tisa ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu. Wanafunzi wafungue stoo pamoja na mwalimu wa kemia, waangalie chupa zina alama zipi, na bango lionyeshe zote mbili pale zinapotofautiana. Wakichukua tu picha ya kwanza waliyoiona mtandaoni, bango litasema kitu kimoja na chupa itasema kingine.

Hatua ya 2: Lugha ya kuamuru na kukataza (vipindi 2)

Hiki ndicho kiini cha mradi. Usikiharakishe ili uwahi kompyuta.

Anza na vitenzi vya Kiswahili ambavyo kimoja hufanya kazi ya vitenzi vingi vya Kiingereza. Andika “zima” ubaoni, kisha uliza: tunazima moto, tunazima gesi, tunazima taa, tunazima mshumaa, Kiingereza kinasemaje? Ni “put out the fire”, “turn off the gas”, “switch off the light”, “blow out the candle”. Mwanafunzi akiandika “Put off the fire” hajakosea kwa uvivu, ametafuta neno moja kwa kuwa lugha yake ina neno moja. Kwa taa ya spiriti fundisha sentensi kamili: “Put the cap back on to put out the flame. Do not blow it out.”

Fanya hivyohivyo kwa “funga”. Chupa ni “close” au “put the lid on”, nywele ni “tie back”, mlango wa stoo ni “lock”, vifungo vya koti ni “button up”. Kila darasa humtoa mtu anayeandika “Close your hair.” Na “sikia harufu” huzaa “hear the smell”, ambapo kinachotakiwa ni “smell”, na kwa maabara hasa: “Do not put your nose over the test tube. Wave the gas gently towards your nose with your hand.”

Kisha njoo kwenye kosa la hatari zaidi. Wanafunzi wengi huichukulia “must not” kuwa ni “si lazima”, kwa sababu “must” wameijua kama “lazima” na “not” kama “si”. Kumbe “You must not taste chemicals” ni marufuku, na “You do not have to taste chemicals” ndiyo “si lazima uonje”, yaani ukitaka onja. Chora mistari mitatu ubaoni: lazima, si lazima, marufuku. Toa sentensi kumi, kila mwanafunzi aziweke kwenye mstari wake. Wakikosea zaidi ya mbili, rudia kesho kabla ya kwenda mbele.

La tatu ni vihusishi. Kiswahili huweka uhusiano ndani ya kitenzi chenyewe: kumwambia, kumletea, kumwarifu. Kwa hiyo mwanafunzi huandika “Report the teacher if there is an accident”, ambayo maana yake ni mshtaki mwalimu. Sahihi ni “Report any accident to the teacher.” Hapo ndipo pa kuirudia ile sentensi ya asidi. Waulize: kinachomiminwa ni kipi, na kinachopokea ni kipi? Kinachofuata “add” ndicho kinachosogea. Kinachofuata “to” kimekaa kinangoja. Wakiigiza kwa vikombe viwili vya maji hawasahau.

Mengine pitia haraka: “avoid touching” na siyo “avoid to touch”, “never” katika amri hufuatwa na kitenzi kitupu, “Never run”, kiima hakirudiwi, “Acids burn” na siyo “Acids they burn”, kosa linalotokana na asidi “zinaunguza”, ambapo “zi-” imemrudia mtenda. Tahajia iwe ya Uingereza kama ilivyo kwenye vitabu vyetu. Na neno “inflammable” liepukwe kabisa: maana yake ni inayoshika moto, lakini “in-” huwafanya wengi wadhani haishiki. Watumie “flammable”.

Hatua ya 3: Rasimu kwenye karatasi (vipindi 2)

Hakuna kikundi kinachogusa kompyuta kabla rasimu ya karatasi haijakamilika. Sheria hii itapingwa, na ishikilie. Wakianza na kompyuta, dakika 60 za kwanza huishia kwenye kuchagua fonti na rangi ya mandhari, na maneno huandikwa kengele ikikaribia kulia.

Karatasi ya A4 inatosha. Vipimo: kichwa kisichozidi maneno matano, maelekezo matano hadi saba, kila moja lisizidi maneno kumi, sentensi moja ya sababu. Jumla maneno 40 hadi 70. Sababu ni muhimu kwa lugha, maana inalazimisha “because”, “so that” au “if”: “If you point the test tube at someone, hot liquid may jump out and burn them.”

Bango la kuungua, kwa mfano, kabla ya kuongezewa sentensi ya sababu, linaweza kusomeka hivi:

“BURNS: ACT FAST. 1. Move away from the heat. 2. Hold the burn under cool running water for 20 minutes. 3. Take off rings and watches. 4. Do not put oil or toothpaste on the burn. 5. Tell the teacher at once.”

Mstari wa nne umetoka nyumbani kwetu, si kwenye kitabu, maana dawa ya meno na mafuta ndivyo vinavyokimbiliwa. Wahimize wanafunzi wafikirie mtoto wa Kidato cha Kwanza atafanya nini asipoambiwa, kisha waandike hilo. Mstari wa pili nao una mtego: “for 20 minutes” ikigeuka “after 20 minutes”, kidonda kimeachwa.

Kuhusu mashine za kutafsiri na programu za akili mnemba: ziruhusiwe baada ya rasimu ya mkono, kwa kulinganisha tu. Namna ya kujua kama sentensi ni ya mwanafunzi ni kumuuliza aibadilishe. Aliyeandika “Tie back long hair” mwenyewe atakupa “My hair is tied back” au walau atajaribu. Aliyenakili atakutazama tu.

Hatua ya 4: Jaribio la kusoma na kutenda (kipindi 1)

Alika wanafunzi sita wa Kidato cha Kwanza. Kila kikundi kiwakabidhi wawili rasimu yake, kisha kinyamaze. Wasomaji watende walichosoma, kwa vifaa salama. Kwa bango la asidi weka bilauri mbili, zote zina maji ya bomba, moja imetiwa rangi ya chakula na kuandikwa “acid”. Msomaji akimimina kinyume, kosa ni la bango. Wanakikundi wasimweleze kwa Kiswahili alichokosa, waandike upya.

Baada ya kutenda, msomaji azungushie duara kila neno asilolijua. Maneno matatu au zaidi ni mengi. Neno la lazima kama “corrosive” libaki, lakini lifafanuliwe palepale kwa maneno mepesi: “Corrosive: it eats skin and metal.” Vikundi 12 haviwezi kujaribiwa vyote kwa undani katika dakika 40, kwa hiyo anza na vile ambavyo kosa lake linaumiza: asidi, moto, neli, gesi.

Mwalimu wa kemia asome rasimu zote siku hiyohiyo na kusaini zilizo sahihi.

Hatua ya 5: Kompyuta (vipindi 2 mfululizo)

Vikundi sita vinaingia kwenye kompyuta kipindi cha kwanza, sita cha pili. Wanaosubiri wanachora au kuhakiki rasimu za wenzao kwa kalamu nyekundu.

Weka ukubwa wa ukurasa kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye PowerPoint ni “Design”, kisha “Slide Size”, kisha “Custom Slide Size”. Kwenye Impress ni “Slide”, kisha “Slide Properties”. Andika upana sentimita 29.7 na urefu 42, ambayo ni A3 iliyosimama. Ukibadilisha ukubwa baada ya kupanga vitu, programu huvivuta au kuvisinya, na kazi inaanza upya. Acha sentimita 1.5 tupu kila upande kwa kuwa printa nyingi hazichapi hadi ukingoni.

Herufi: kichwa pointi 80 hadi 100, maelekezo 32 hadi 36, na hakuna kitu chini ya 24. Kwenye skrini pointi 32 inaonekana kubwa mno, nao watataka kuipunguza ili kuongeza picha. Wakatalie, na wapeleke umbali wa mita mbili wasome. Fonti moja tu, ya kawaida: Arial, au Liberation Sans kwenye LibreOffice, ambazo upana wa herufi zake unalingana, hivyo faili likihamia kompyuta nyingine mistari haivunjiki. Fonti za mapambo zinaweza zisiwepo kwenye kompyuta ya duka la steshenari, na hapo bango zima linabadilika sura.

Rangi: maandishi meusi au ya buluu iliyokoza juu ya nyeupe au njano hafifu. Njano juu ya nyeupe haisomeki. Nyekundu juu ya kijani humpotea kabisa mtu asiyetofautisha rangi hizo, na wapo. Kama shule ina printa ya nyeusi tu, hatari isionyeshwe kwa rangi nyekundu peke yake. Liandikwe neno “DANGER”.

Picha bora ni mchoro wa mwanafunzi mwenyewe, uliochorwa kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe na kupigwa kwa simu ya mwalimu mchana karibu na dirisha, bila flashi ya kamera. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo panga nusu saa ya kazi hiyo. Ukiihamisha kwa WhatsApp itume kama “document”, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Picha itakayokaa sentimita 15 iwe na upana usiopungua pikseli 900, la sivyo kingo zitakuwa na ngazi ngazi kwenye karatasi. Wanaochukua picha Wikimedia Commons, hazina ya picha ya mtandaoni, waandike chini jina la mwenye picha na leseni yake kama inavyotakiwa pale. “Picha kutoka Google” haimtaji mtu yeyote.

Tatizo la kila darasa ni mmoja anayejua kompyuta kushika kipanya huku watatu wanatazama. Dawa yake ni hii: anayechapa haruhusiwi kuangalia rasimu. Mwenzake anamsomea kwa Kiingereza, akitaja na tahajia panapohitajika, na kila dakika kumi wanabadilishana. Ubaoni weka maneno ya kufanyia kazi: “Move it up a little”, “Make it bigger”, “How do you spell…?”, “I think it should go under the heading.” Hapo unapata mazoezi ya kuongea ambayo hayapatikani kwa kukariri mazungumzo ya kitabu.

Wahifadhi kila baada ya dakika kumi. Umeme ukikatika kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba inazimika hapohapo. Jina la faili liwe na mkondo, kikundi na mada, kwa mfano 3B_07_kuungua. Tumia flashi moja ya mwalimu iliyokaguliwa; flashi za mitaani huleta virusi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato (“shortcuts”) mahali pake.

Hatua ya 6: Kusahihisha kwa mara ya mwisho (kipindi 1)

Kwanza weka lugha ya maandishi kuwa Kiingereza cha Uingereza, vinginevyo kikagua tahajia kitapiga mistari myekundu pasipo kosa au kitanyamaza penye kosa. Hata kikiwa sawa, hakitaona “form” iliyotakiwa kuwa “from”, wala “acid” na “water” zilizobadilishana nafasi. Kwa hiyo soma kwa sauti, kutoka mstari wa mwisho kwenda wa kwanza, mwanafunzi mmoja akisoma skrini na mwingine akifuata rasimu iliyosainiwa. Maneno huharibika zaidi wakati wa kupunguza ili yatoshe. “Not” ni dogo na hupotea kwa urahisi.

Kisha hifadhi kama PDF na ufungue hiyo PDF kabla ya kuipeleka kuchapwa.

Hatua ya 7: Kuchapa, kutundika, kuwasilisha (kipindi 1)

Chapa nakala moja ya A4 nyeusi kwanza, ikaguliwe, ndipo ulipie A3. Kama duka lina printa ya A4 na mashine ya kunakili ya A3, kuza kwa asilimia 141. Uwiano wa pande za karatasi hizi ni uleule, hivyo hakuna kitakachokatwa. Rangi kali za skrini hupoa kwenye karatasi, na wanafunzi waambiwe mapema wasije wakadhani wameharibiwa kazi. Laminisha, maana maabara ina maji na moshi.

Bango la kuungua likae karibu na bomba, la kioo karibu na ufagio, la mavazi nje ya mlango. Kitovu cha bango kiwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, mbali na jua la dirisha. Kila kikundi kisimame kwenye bango lake kwa dakika tatu na kulieleza kwa Kidato cha Kwanza kwa Kiingereza, bila kulisoma. Maswali yaulizwe, hata ya Kiswahili. Majibu yawe ya Kiingereza.

Alama

Kwa alama 50: lugha 20, usahihi wa maelekezo 10, mpangilio na kusomeka 5, uwasilishaji 5, na 10 za mtu mmoja mmoja. Hizo za mwisho zisiachwe, kwa kuwa bango la kikundi humficha asiyefanya kazi. Siku moja baada ya uwasilishaji, kila mwanafunzi aandike peke yake aya ya maneno 60 hadi 80 akieleza mada ya kikundi kingine, si ya kwake. Mpangilio umepewa alama 5 kwa makusudi: ukiupa 15, wanafunzi watahamia kwenye mapambo, na watakuwa na haki.

Tunza faili la kuhariri pamoja na PDF kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye flashi. Kidato cha Tatu cha mwakani kitaanzia hapo: watembee maabara wakiwa na mabango haya mkononi, watafute lililopitwa na wakati au lisiloeleweka, walisahihishe.